Kinasa Sauti na Mwanafunzi wa Kiswahili: Kutoka kwa Edison hadi Kyarumba

Katika toleo hili tunaangalia historia ya zoezi moja tunalolihimiza darasani: mwanafunzi kujirekodi anapozungumza, kisha kujisikiliza.

Zoezi hili si geni. Thomas Edison alivumbua fonografu mwaka 1877. Mwaka uliofuata alitaja kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya, na miongoni mwake zilikuwemo kufundisha watu kusema vizuri na kuhifadhi lugha.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mashine hiyo ilikuwa mali ya mtafiti. Hapa Uganda, Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchini akinasa nyimbo na ngoma. Kanda zake zilihifadhiwa London, na nakala zilirudishwa Chuo Kikuu cha Makerere baada ya mwaka 2000. Mwimbaji alitoa sauti yake, lakini hakubaki nayo. Kaseti ya kampuni ya Philips, iliyotokea mwaka 1963, ndiyo iliyobadilisha mambo. Mtu wa kawaida aliweza sasa kujinasa, kufuta na kurudia. Leo kazi hiyo inafanywa na simu ya mkononi.

Tuchukue mfano wa Kyarumba, wilayani Kasese, kwenye milima ya kahawa. Mwanafunzi wa huko huzungumza Lhukonzo nyumbani. Akishuka Bwera hadi mpakani Mpondwe, anakutana na Kiswahili cha Kongo, kinachosemwa na wafanyabiashara kutoka Beni na Butembo, wengi wao wakiwa Wanande, ndugu wa Wakonzo. Darasani anakutana na Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, Uganda ikiwa mwanachama.

Kwa Lhukonzo watu ni "abandu". Mpakani ni "batu". Kitabuni ni "watu". Mwanafunzi anaposoma kwa sauti, jicho lake linaona "watu" na anaamini kwamba ndivyo alivyotamka. Kinasa sauti humwambia alichosema kweli. Tena, sauti yetu wenyewe hutufikia pia kupitia mifupa ya kichwa, ndiyo maana tukijisikiliza kwenye rekodi tunashtuka, tukidhani ni mtu mwingine. Mshtuko huo una faida, kwani tunajisikia kama wengine wanavyotusikia.

Tunasisitiza kwamba "batu" si kosa sokoni Mpondwe. Huko ndiyo lugha yenyewe. Lengo ni mwanafunzi ajue anatumia Kiswahili kipi, na aweze kuchagua.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kienezwe shuleni, na Kabaka Daudi Chwa akapinga. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wengi walikisikia vizuizini kutoka kwa askari, wakakiogopa. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri zimekuwa nyingi kuliko walimu. Pale ambapo mwalimu ni mmoja kwa darasa zima, au hayupo, simu inaweza kumpa mwanafunzi sikio la pili, tena lisilomcheka.

Tunapendekeza utaratibu huu. Soma aya moja na uirekodi. Sikiliza ukiwa na kitabu mkononi, weka alama mahali ulipotofautiana nacho, kisha rudia. Usifute rekodi ya kwanza. Iandikie tarehe na uisikilize tena baada ya mwezi mmoja. Linganisha pia na watangazaji wa redio, kama wale wa Idhaa ya Kiswahili ya DW, iliyoanza mwaka 1963.

Mashine haisahihishi. Anayesahihisha ni masikio, na masikio nayo hufundishwa.