Lutindi na Kitabu cha Waliotengwa: Tafakari ya Kihistoria juu ya Huduma kwa Wagonjwa wa Akili na Walevi

Katika makala hii twakusudia kuitazama historia ya Lutindi, nyumba ya huduma iliyoko juu ya milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Watumishi wengi wa Kanisa wanaifahamu kwa jina tu, na jina lenyewe, kama lile la Mirembe ya Dodoma, hutajwa zaidi katika mzaha kuliko katika sala. Tunayo sababu ya kuandika. Kanisa letu lilijifunza mapema kumpokea mwenye ugonjwa wa akili kama mgonjwa. Mlevi halikumpokea hivyo. Twataka kuuliza ni kwa nini, maana sisi wenyewe tumeshiriki kosa hilo.

Lutindi haikuanzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1896 Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani, waliokuwa wameunda chama cha kupinga utumwa, walijenga pale makao ya watoto waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Baada ya miaka michache biashara hiyo ilipungua, na watoto wapya wakawa wachache. Nyumba ilikuwapo, mashamba yalikuwapo, hewa ya mlimani ilikuwa njema, lakini kazi iliyokusudiwa ilikuwa imekwisha. Ndipo mwaka 1904 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Kabla ya hapo mwendawazimu mkali aliyeshindwa na jamaa zake aliweza kujikuta amefungwa gerezani pamoja na wezi. Nyumba ile iliyofungua minyororo ya watumwa iliitwa ifungue minyororo ya namna nyingine, na mtu asomaye Marko 5 haoni tabu kuelewa kwa nini jambo hilo liliwagusa Wakristo wa wakati ule.

Fikra iliyotawala Lutindi ilitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Huko, tangu mwaka 1867, palikuwa na makao ya wenye kifafa, na mwaka 1872 uongozi wake ulishikwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mwaka 1877 ukaanzishwa pale undugu wa mashemasi ulioitwa Nazareth, na mashemasi wa namna hiyo, kuliko madaktari, ndio waliokuwa nguzo ya Lutindi katika miaka yake ya kwanza. Kanuni ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza: mgonjwa asikae bure, wala asikae peke yake. Apewe jembe, apewe mahali mezani, aitwe kwa jina lake, asali pamoja na wanaomhudumia. Hadi leo Lutindi ina shamba la chai, na kazi ya mikono imebaki sehemu ya matibabu.

Msomaji makini atatuuliza kama jembe hilo lilikuwa dawa tu. Ni swali la haki. Katika koloni lile Waafrika walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi, na wamisionari wengi walizungumza juu ya kumfundisha Mwafrika kazi kwa lugha iliyofanana mno na ya wenye mashamba makubwa. Mgonjwa aliyelima pale hakuwa na njia ya kukataa. Hata Bethel yenyewe haikukaa bila doa: chini ya sheria ya Ujerumani ya mwaka 1933 wagonjwa wake wengi walihasiwa, ingawa baadaye mkuu wake wa wakati huo, mtoto wa yule mzee Bodelschwingh, alijitahidi kuwazuia wasipelekwe kuuawa. Twayasema haya ili mtu asidhani kwamba upendo wa kidiakonia hujilinda wenyewe. Nyumba iliyo mbali na macho ya watu yahitaji kutembelewa mara nyingi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijazingatiwa vya kutosha. Bodelschwingh hakuwajali wenye kifafa na wagonjwa wa akili peke yao. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, kijiji cha kazi kwa ajili ya watu wasio na makao waliozurura njiani wakitafuta kazi na chakula, na wengi wao pombe ilikuwa imewavunja. Mtu aliingia, akaoga, akapewa nguo na kazi, na kinywaji kikali hakikuwapo. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1877, mchungaji Louis-Lucien Rochat alikuwa ameanzisha Msalaba wa Bluu kule Geneva, chama kilichofunga ahadi pamoja na walevi, nao waliofunga ahadi hawakuachwa peke yao. Kwa maneno mengine, Wakristo wa Kiinjili wa Ulaya walikwisha kujua kwamba mlevi ahitaji nyumba, muda na wenzake.

Kwetu ilifika nusu moja. Mgonjwa wa akili alipata Lutindi. Mlevi akapata nidhamu ya Kanisa. Alionywa na wazee, akaonywa tena, akatengwa na Meza ya Bwana, na jina lake likaandikwa kitabuni. Akitaka kurudi ilimpasa asimame mbele ya usharika na kutubu. Hatusemi kwamba nidhamu haina msingi katika Maandiko. Twasema tu kwamba ilitumika pale palipohitajika pia tiba, na ya kuwa wachungaji tulijiona tumemaliza kazi pale tulipofunga kitabu. (Katharina von Bora, mke wa Luther, alipika bia nyumbani kwake, hivyo Walutheri hatuwezi kudai kwamba suala hili tulilirithi likiwa jepesi.)

Tulipokuwa wachungaji vijana tulipangiwa usharika mmoja wa mlimani wenye zahanati ndogo: vyumba vitatu, tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Mzee mmoja, fundi seremala, alikuwa ametengwa kwa ulevi. Tulimwendea tukamwonya kwa ukali, tukamtaka aache pombe siku ile ile, naye, kwa kutuheshimu, akaacha. Siku ya tatu mkewe alitujia usiku. Mikono ya mumewe ilitetemeka, jasho lilimtoka, alikuwa akiwapangusa wadudu wasiokuwapo ukutani na kuzungumza na marehemu babaye. Wazee wa kanisa walisema ni pepo. Tulikaa tukiomba na kuimba kwa saa nyingi, na kwa kweli tuliamini tunafanya vema.

Aliyemwokoa ni yule muuguzi. Alisikia nyimbo, akaja, akatazama, akauliza swali moja tu: alikunywa mara ya mwisho lini? Kisha akatueleza, kwa adabu ambayo hatukuistahili, kwamba mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi ukinyimwa ghafula waweza kuingia katika degedege na hata kufa. Tulimbeba kwenye kiti hadi zahanati, akapewa diazepamu, vitamini na maji. Baada ya siku chache akili zake zilirudi. Sisi ndio tuliomwamuru aache bila kuuliza lolote.

Kisa hicho kilitufundisha kuisoma kwa makini zaidi sehemu ya pili ya historia hii, yaani jinsi tiba ilivyoshuka kutoka mlimani. Katika miaka ya 1950 dawa kama klopromazini zilianza kutuliza maradhi ambayo zamani yalimfunga mtu katika wodi maisha yake yote. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 huduma ya afya ya msingi ikawa neno la kila siku, na katika miaka ya 1980 Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuwatibu wagonjwa wa akili katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Maana yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mama mwenye kijana mgonjwa hana haja ya kuuza mbuzi ili apate nauli ya kwenda Dodoma. Aweza kumpeleka mahali pale pale anapopelekwa mtoto mwenye malaria.

Kwa upande wa dawa za kulevya njia imekuwa ndefu zaidi. Heroini iliponea katika miji ya pwani, wengi walidhani tiba pekee ni polisi. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, na baadaye kliniki za namna hiyo zilifunguliwa katika mikoa mingine, Tanga ikiwamo. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, nyingi zikiongozwa na watu waliokuwa waraibu wenyewe. Ndugu wengine wachungaji wamelalamika mbele yetu kwamba methadoni ni kubadilisha kileo kimoja kwa kingine. Tukawauliza kama wangemwambia mwenye kisukari aache sindano. Hawakujibu, ila mmoja alisema kwamba mwenye kisukari hakuutafuta ugonjwa wake. Na hapo, twadhani, ndipo penye mzizi wa shida yetu yote.

Yule fundi seremala alikuwa akifika zahanati kila mwezi. Mara mbili alianguka tena katika pombe, na mara zote mbili muuguzi alimpokea bila kumsimamisha mbele ya mtu yeyote. Ibadani alikaa benchi la nyuma, na wakati wa Chakula cha Bwana alitoka nje kimya kimya. Tulipohamishwa, katika kumkabidhi mwenzetu vitabu vya usharika, tulilikuta jina lake bado katika safu ya waliotengwa, kwa mwandiko wetu wenyewe. Tulikwenda kwake jioni ile. Alikuwa akipiga randa mlango. Tulimwomba radhi, naye akatukaribisha chai, akasema kwamba Jumapili atakuja, lakini hatasimama mbele. Tukamwambia kwamba safari hii tutakaosimama ni sisi.