Shahada ya Saikolojia na Lugha ya Mwenye Maumivu

Anayetaka shahada ya kwanza ya saikolojia Afrika Mashariki hukuta milango kadhaa. Ipo shahada ya sanaa, ipo ya ushauri nasaha, na ipo ya ualimu: katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam somo hili limelelewa ndani ya Shule Kuu ya Elimu. Apite mlango wowote, kozi atakazokuta zinafanana: makuzi, saikolojia ya jamii, matatizo ya akili, takwimu, upimaji, mafunzo kwa vitendo, tasnifu. Wazazi na wanafunzi huuliza ipi ina ajira. Mimi nadai kuwa lipo swali zito zaidi: maarifa ya kozi hizo yalitokana na kuchunguzwa kwa akina nani, na mhitimu atayatumia kwa lugha ipi?

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichambua makala zilizotoka kati ya 2003 na 2007 katika majarida sita ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Asilimia 68 ya sampuli zilitoka Marekani. Asilimia 96 zilitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Hata hivyo, kitabu cha kiada hakisemi “mtoto wa Marekani”. Kinasema “mtoto”.

Tazama kozi ya makuzi. Nadharia ya mfungamano wa mama na mtoto hufundishwa kupitia utafiti wa mwanasaikolojia Mary Ainsworth akiwa Baltimore, Marekani: chumba chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka, mgeni anaingia. Lakini kabla ya Baltimore, Ainsworth alikuwa Uganda. Mnamo 1954 na 1955 alitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akirudi nyumba zilezile mara kwa mara na mkalimani pembeni yake, na kitabu chake kuhusu watoto hao kilichapishwa 1967. Katika sebule hizo alimwona mtoto akitambaa kwenda mbali, akigeuka kumtazama mama, akiendelea na safari yake. Kwa nini basi mwanafunzi wa Makerere au Nairobi aijue nadharia hii kama mzigo ulioshushwa bandarini? Kuanzia Buganda kungemfundisha pia mbinu: ziara za muda mrefu, lugha ya wenyeji, na nyumba ambamo mtoto hubebwa na watu wengi.

Kozi ya upimaji nayo ina funzo lake karibu na Kisumu. Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao waliwapima watoto wa huko ujuzi wa dawa za mitishamba, ujuzi ambao kijijini una manufaa ya kila siku. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa ujuzi huo haukwenda sambamba na akili ya darasani. Katika baadhi ya vipimo, waliojua dawa zaidi ndio waliopata alama za chini. Anayehitimu bila kuupima mfano huu atawaita watoto wengi wazito wa akili pasipo haki.

Pengo kubwa kuliko yote liko katika kozi ya matatizo ya akili. Mwanafunzi hujifunza dalili za sonona kwa Kiingereza na kuzijibia mtihani kwa Kiingereza. Kisha anapelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, mbele yake ameketi mama anayesema, “Nina mawazo mengi, roho haitulii.” Je, hiyo ni sonona, ni wasiwasi, au ni ada ya shule isiyolipwa? Hakuna mhadhara uliomwandaa. Zimbabwe walilichukulia suala hili kwa uzito. Neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, liliingizwa katika huduma yenyewe, na Benchi la Urafiki lililoanzishwa na Dixon Chibanda mjini Harare mwaka 2006 liliwapa akina bibi waliofunzwa kazi ya kusikiliza. Jaribio lililochapishwa 2016 lilithibitisha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida.

Wapo watakaopinga kwamba Kiingereza ndicho kinachofungua majarida na shahada za uzamili. Ni kweli, na sipendekezi kiachwe. Lakini Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Taaluma inayodhibitiwa kwa ajili ya kumlinda mteja haiwezi kuiacha lugha ya mteja nje ya mtaala.

Hitaji si kubwa. Iwepo kozi moja ya lazima, mwaka wa pili, ambamo kila mwanafunzi atatafsiri dodoso kwa Kiswahili, atalirudisha katika lugha ya awali kupitia mtafsiri mwingine, atawauliza watu wa mtaani walielewaje kila swali, kisha atakokotoa uthabiti wake kwa takwimu alizojifunza. Na anayetaka kuandika tasnifu ya saikolojia kwa Kiswahili aruhusiwe, kama wanavyoandika wenzake wa idara za Kiswahili. Wakuu wa idara, mitaala yenu itakaporejewa tena, anzeni na kozi hiyo.