Neptune Frost

Neptune Frost ni filamu ya muziki na bunilizi ya kisayansi ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Saul Williams wa Marekani na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda. Ilipigwa picha Rwanda, ingawa hadithi yake imewekwa Burundi. Matalusa, mchimbaji wa madini ya koltani, anaacha mgodi baada ya ndugu yake Tekno kuuawa. Anakutana na Neptune, huntha anayeigizwa na Elvis Ngabo na Cheryl Isheja, katika kijiji cha wadukuzi kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Wahakiki walisifu muziki na taswira zake. Baadhi waliona masimulizi ni magumu kufuatilia. Lugha za filamu hii ni Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Ilizinduliwa katika tamasha la filamu la Cannes, Julai 2021.