Nyumba ya Mawe Haitaki Saruji



Huku kwetu Makorora, Tanga, ukuta ukipasuka tunaita fundi, tunanunua saruji, na jioni kazi imekwisha. Lakini tukivuka bahari kwenda Unguja na kujaaliwa kupata fleti ya kukarabati Mji Mkongwe, mazoea hayo tuyaache bandarini.

Nyumba za kule zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wazee walichoma mawe tanuuni, wakapata chokaa, wakairoweka na kuichanganya na mchanga na udongo mwekundu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba: upana ulifuata urefu wa mti. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu kisha huutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hubaki ndani, kama mtu aliyevishwa nailoni jua la saa saba. Vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza polepole, na sakafu yako ndiyo dari ya jirani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na nyumba ya familia moja ikakaliwa na familia kadhaa. Kila mtu alitunza chumba chake. Paa la wote likavuja. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Kwa hiyo kabla hujavunja kiambaza, hujabadili dirisha wala kuongeza choo, kibali kwanza.

Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Tukumbuke Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba la kifalme huanguka, fleti yetu je?

Basi tuanze na paa na mabomba, maji yasiingie. Tumtafute fundi anayeijua chokaa, tumpe muda ikauke. Rangi na mapazia mwisho. Dini yetu imeipa uzito mkubwa haki ya jirani, na katika nyumba ya ghorofa haki hiyo imo ndani ya boriti tusiyoiona.