Nani Amchague Mchezaji?

Kwa miaka mingi, mwisho wa mwaka ulipokaribia, watu wa mitaa ya mashariki ya Nairobi walikusanyika Ziwani kutazama mashindano yaitwayo Koth Biro, maana yake kwa Kijaluo "mvua inakuja". Wachezaji wa klabu kubwa, msimu wao ukiisha, walirudi kuchezea mitaa yao mbele ya ndugu na majirani. Katika uwanja wa udongo kama ule, nilipokuwa kijana wa rika lako, msomaji, niliona jambo ambalo sijalisahau. Mwalimu wa timu moja ya mtaa alikuwa ameandika majina kumi na moja katika kipande cha karatasi. Akaja mzee mmoja aliyewanunulia vijana jezi na mipira, akaitwaa karatasi ile, akafuta jina la mlinda lango, akaandika la mpwa wake, kijana aliyesajiliwa asubuhi ile ile. Timu ilifungwa mabao manne. Jioni, aliyefukuzwa ni mwalimu.

Usidhani ya kuwa kisa hiki ni cha viwanja vya udongo tu. Ugomvi wa mwenye fedha na mwenye ujuzi, juu ya nani amchague mchezaji na nani alaumiwe, ni wa zamani kama kandanda ya mishahara yenyewe.

Huko Uingereza klabu za kwanza ziliongozwa na halmashauri. Wazee wa halmashauri ndio waliowanunua wachezaji, na mara nyingi wao ndio waliopanga timu. Meneja, kama alikuwako, alikuwa kama karani wa kuandika barua na kukata tikiti za gari la moshi. Mwaka 1925 mwenyekiti wa Arsenal, Henry Norris, alitangaza gazetini kwamba anatafuta meneja, akaonya kuwa mtu ajengaye timu kwa kununua wachezaji kwa bei kubwa asijisumbue kuomba. Aliyepata kazi ni Herbert Chapman, ambaye alikuwa ameipa Huddersfield ubingwa wa ligi mwaka 1924 na 1925. Hakukawia, akamtaka Charlie Buchan wa Sunderland. Sunderland walitaka pauni 4,000. Norris akaona ni ghali, akapiga bei, mwisho wakapatana pauni 2,000 papo hapo, na pauni 100 zaidi kwa kila bao ambalo Buchan angefunga katika msimu wake wa kwanza. Buchan akafunga mabao 21. Piga hesabu mwenyewe, nawe utaona kwamba bwana yule alilipa pauni 100 zaidi ya bei aliyoikataa!

Chapman alionyesha kwamba meneja aweza kuwa bwana wa timu yake. Lakini mazoea hayaondoki upesi. Timu ya taifa ya Uingereza iliendelea kuteuliwa na halmashauri mpaka Alf Ramsey alipoishika mwaka 1963, kwa sharti kwamba atachagua peke yake. Mwaka 1966 akaipatia Kombe la Dunia.

Turudi sasa Nairobi. Nyumba za Waafrika zilipojengwa Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, kati ya miaka ya 1920 na ya 1940, watu waliotoka mashambani walijiunga katika vyama vya kusaidiana, wapate kuzikana na kusomeshana. Kutokana na umoja wa namna hiyo zikatoka timu. Abaluhya iliundwa mwaka 1964. Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kwa kuungana Luo Union na Luo Stars, ikatwaa ubingwa mwaka ule ule. Klabu hizi hazikuwa mali ya mtu mmoja. Zilikuwa mali ya jamii, na jamii husema kwa kinywa cha viongozi iliowachagua. Basi mwenyekiti, katibu na mweka hazina ndio waliokuwa wakurugenzi wa michezo kabla cheo hicho hakijasikika kwetu. Mchezaji hakununuliwa kwa maelfu ya pauni. Alitafutiwa kazi, na pengine chumba cha kulala. Kiongozi aliyekuwa na njia ya kumpatia kijana kazi ndiye aliyeshika kalamu ya usajili, na mwalimu wa timu alimpokea aliyeletewa. Mwaka 1980 klabu ziliamriwa kuacha majina ya kikabila, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina lilibadilika, kalamu ikabaki mkononi mwa wale wale.

Sitaki uwadharau viongozi hao. Wengi walitoa nauli na chakula cha wachezaji mifukoni mwao wenyewe, na Gor Mahia ndiyo iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, baada ya sare ya 2–2 na Espérance mjini Tunis, na 1–1 hapa Nairobi. Kosa ninaloliona mimi ni hili: kiongozi alipokosea katika kusajili, adhabu ilimwangukia mwalimu.

Waitalia walijaribu dawa nyingine. Katika miaka ya 1960 Inter ya Milano ilikuwa na kocha mkali, Helenio Herrera, na kando yake mtu wa pili, Italo Allodi, ambaye kazi yake ilikuwa kushughulikia wachezaji na mapatano. Wawili hao walitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965. Faida ya mpango huu ni rahisi kuiona. Kocha hudumu misimu miwili mitatu, akaondoka. Wachezaji aliowataka hubaki, na anayemfuata hurithi watu asiowahitaji. Mkurugenzi wa michezo hukaa, naye huangalia miaka mitano ijayo wakati kocha anaangalia Jumamosi.

Tena mpango huo umewagusa vijana wa Eastlands wenyewe. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walilelewa Muthurwa, katika nyumba za reli. Baba yao alikuwa mchezaji wa AFC Leopards. Mariga aliingia Inter mwaka 2010. Wanyama alikwenda Celtic ya Scotland mwaka 2011 kwa bei iliyotajwa kuwa pauni 900,000. Aliyemgundua ni John Park, mtafuta vipaji wa klabu. Aliyempa nafasi uwanjani ni meneja Neil Lennon. Mwaka 2012 Wanyama aliifunga Barcelona kwa kichwa, na mwaka 2013 Southampton ikamnunua kwa pauni milioni 12.5 hivi. Huko meneja alikuwa Mauricio Pochettino, na mkuu wa usajili alikuwa Paul Mitchell. Pochettino akahamia Tottenham mwaka 2014, Mitchell akamfuata mwaka ule ule, na mwaka 2016 Wanyama naye akanunuliwa na Tottenham. Ni nani aliyemchagua? Mmoja alijua bei na mikataba, mwingine alijua pengo lililokuwa katikati ya uwanja; sioni jinsi ya kuwatenganisha.

Mathare walikwepa swali hili kwa muda. Chama cha vijana kilichoanzishwa huko mwaka 1987 kilizipa timu za watoto alama 6 kwa kusafisha mtaa, na 3 tu kwa kushinda mechi. Timu yao kubwa, Mathare United, iliundwa mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2008. Wengi wa vijana wake hawakuhitaji kununuliwa. Walikuwa wamejulikana tangu wakiwa na ufagio mkononi.

Mlinda lango aliyefutwa jina siku ile alisimama nyuma ya lango mpaka mwisho, amevaa viatu vyake vya kuchezea. Hukutana naye mara kwa mara katika kituo cha basi cha Jogoo Road. Aliwahi kuniuliza kama kweli niliona karatasi ikibadilishwa. Nilimwambia niliona. Sikumwambia kwamba mzee yule hakuwa na kalamu, na kwamba aliyemwazima ni mimi.