Uthabiti wa Wino: Kutoka Masizi na Gundi hadi Nukta za Kwanta, kwa Kuzingatia Mazingira ya Kidichi, Unguja

Katika maandishi ya kisayansi kuhusu nukta za kwanta, uthabiti huelezwa kana kwamba ni sifa ya wino peke yake. Insha hii inahoji kwamba uthabiti ni uhusiano kati ya wino, kazi yake na hewa inayouzunguka. Mazingira ya Kidichi, kaskazini-mashariki ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yanaudhihirisha uhusiano huo.

Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, Shehrzad. Kuta zake za mawe zingali imara, lakini mapambo ya chokaa yaliyonakshiwa juu yake yametiwa weusi na kuvu. Unyevu huanza na uso wa kitu. Tabaka la nukta za kwanta linalopokea mwanga katika seli ya jua huwa na unene usiofikia elfu moja ya milimita; kwa hiyo, karibu lote ni uso.

Tatizo la kuzuia chembe zisigandamane ni la kale. Kwa karne nyingi waandishi wa Kiislamu walitumia wino wa masizi uliochanganywa na gundi ya migunga. Gundi hiyo huzivika chembe za masizi na kuziweka zikielea majini. Kinyume chake, zafarani inayotumika Zanzibar kuandikia kombe hutakiwa iyeyuke, kwa kuwa maandishi huoshwa ili yanywewe. Wino unaoganda milele usingefaa kwa kazi hiyo.

Ugunduzi wa nukta za kwanta katika kimiminika ulitokana pia na kutokuwa thabiti. Mapema katika miaka ya 1980, Alexei Ekimov alikwisha kuonesha athari ya ukubwa wa chembe ndani ya kioo. Mwaka 1983 Louis Brus, nchini Marekani, alieleza kwamba chembe za salfaidi ya kadmiamu zilizoachwa mezani zilibadilisha namna zinavyofyonza mwanga, kwa sababu zilikuwa zimekua kutoka nanomita 4.5 hadi takriban 12.5. Moungi Bawendi na wenzake walipata mbinu ya kutengeneza chembe zenye ukubwa unaolingana mwaka 1993. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Uchapaji ulileta mgongano mpya. Chembe za salfaidi ya risasi huvikwa asidi ya oleiki, ambayo minyororo yake mirefu huuhifadhi wino lakini huzuia umeme kupita. Watafiti hulazimika kuibadilisha kwa ngao fupi, kama vile ayoni za iodidi. Umeme hupita, lakini chembe huelekea kugandamana kabla ya kuchapwa. Kwa vihisi vya gesi hali hugeuka: uso ulio wazi kwa hewa, ambao ni kasoro katika seli ya jua, ndio unaofanya kazi ya kutambua.

Suala hili si la maabara tu. Tangu 1980 Unguja imepokea umeme kupitia waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Hitilafu iliyotokea Desemba 2009 iliiacha kisiwa hicho bila umeme huo kwa takriban miezi mitatu. Seli za kuchapwa kwa gharama nafuu zingepunguza utegemezi wa njia moja, lakini seli iliyothibitishwa katika chumba chenye hewa kavu haijathibitishwa kwa Kidichi. Aidha, ikiwa tabaka lake litaharibika, risasi iliyomo inaweza kuingia katika udongo wa mashamba ya viungo.

Kwa hiyo, dai lolote la uthabiti linapaswa kutaja mambo matatu: kazi ya wino, muda uliopimwa na unyevu wa hewa ambamo kipimo kilifanyika. Bila la tatu, wakazi wa visiwa vya joto hupewa matokeo ya mahali pengine kama ahadi yao wenyewe.