Msasa na Tumbo la Chombo

Watu wengi wa zama zetu wasikiapo neno msasa hufikiri ile karatasi ya chenga iuzwayo madukani kwa namba. Wachache hukumbuka kuwa msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Ni ndugu wa mkuyu, na majani yake yakwaruza mithili ya ulimi wa paka. Kwa sababu hiyo Martin Vahl, bingwa wa mimea, aliupa jina la Kilatini Ficus exasperata, lililochapishwa mwaka 1805, nalo lakusudia ule ukwaruzo wake. Maseremala walisugulia kazi zao majani hayo, na karatasi ilipowasili ikarithi jina la jani. (Msomaji asiuchanganye na msasa wa Zimbabwe, ulio mti mwingine kabisa.)

Hata hivyo, tumbo la jahazi halikuhitaji jani hilo. Chombo cha mbao cha pwani yetu kilichongwa kwa tezo, kikatiwa kalafati ya pamba katika maungo ya mbao zake, kisha kikapakwa sifa ubavuni na deheni chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Shahamu haidai uso laini, hushika popote. Kwa hiyo kila ilipopasa kuipaka upya, mabaharia walingoja bamvua, wakakipandisha chombo ufuoni na kukisimamisha kwa magadi, na maji yalipokupwa wakakwangua magamba na majani ya bahari, wakapitisha mienge ya makuti makavu iliyoyeyusha shahamu kuukuu na kuwaua wadudu watoboao mbao. Kikwanguo na moto vilitosha. Wareno nao, waliokuja na Vasco da Gama, walikaa siku 32 katika mto wa Quelimane mwanzoni mwa mwaka 1498 wakisafisha matumbo ya merikebu zao kabla ya kupanda kaskazini kwetu. Maana uchafu wa tumbo ulikuwa adui wa kila baharia, wa taifa lolote.

Msasa uliingia katika kazi hii pamoja na rangi ya mafuta. Rangi ni kiumbe chenye kiburi: haikai juu ya vumbi, haikai juu ya kigaga kilichobanduka, wala haikai juu ya uso uliong'aa mno, kwa kuwa yataka mikwaruzo midogo ya kuishikia. Zamani sana watu wa Ulaya walisugulia mbao ngozi ya samaki. Plinius wa Roma aliitaja katika karne ya kwanza. Baadaye walibandika unga wa kioo juu ya karatasi kwa gundi. John Oakey alianza biashara hiyo London mwaka 1833, na mwaka uliofuata Isaac Fisher wa Vermont, Marekani, akapata hataza za namna za kuitengeneza. Mwaka 1891 Edward Acheson akaunda kaborandamu, chenga kali kupita kioo. Lakini karatasi na gundi zilibaki na udhaifu mmoja: zikilowa, huharibika. Basi mtu alilazimika kusugua pakavu, na pakavu huleta vumbi.

Na vumbi hilo lilikuwa la nini? Rangi nyingi za zama hizo zilitiwa risasi, nyeupe au nyekundu, na mpaka rangi aliyeisugua aliila kwa pumzi. Mwaka 1921 yalitukia mambo mawili yasiyojuana. Mjini Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya risasi nyeupe katika kazi ya rangi, na miongoni mwa masharti yake ni kuchukuliwa hatua dhidi ya hatari ya vumbi la kusugua na kukwangua pakavu. Na katika mwaka huo huo kampuni ya 3M ya Marekani ikaanza kuuza msasa usioharibiwa na maji, uliobuniwa na Francis Okie wa Philadelphia. Sheria ilitaka vumbi lizuiwe. Karatasi ikaleta njia. Binafsi naona jozi hii ina uzito kuliko mashine zote zilizofuata.

Mashine zilikuja, nazo zina faida zake. Lakini hazilingani. Grainda yenye sahani ngumu hula mbao kabla mkono haujatambua, na huacha mabonde yatakayoonekana chini ya rangi mpya. Mashine ya ukanda yafaa mahali pa bapa tu, na tumbo la chombo lina bapa chache. Ile ambayo sahani yake huzunguka huku ikiyumba nje ya kitovu chake haiachi mikwaruzo ya duara, na ikiunganishwa na kifyonza-vumbi ndiyo iliyo bora kwa faibaglasi. Juu ya jahazi la misumari na kalafati mimi ningali nauamini mkono na kibao, kwa kuwa mashine huinyofoa pamba na kurarukia vichwa vya misumari.

Shida kubwa zaidi imo katika rangi za sumu. Uingereza iliivika manowari Alarm mabati ya shaba mwaka 1761 ili wadudu wasiitoboe, na baadaye shaba ikasagwa ndani ya rangi. Katika miaka ya 1960 ikaongezwa sumu iliyotokana na bati, tributilitini. Chaza wa ghuba ya Arcachon wakaharibika, na Ufaransa ikaikataza kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa dunia ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kazi mwaka 2008. Lakini uliruhusu rangi ya zamani ibaki, maadamu imefunikwa kwa tabaka la kuizuia. Kwa hiyo sumu yaweza kuwa imelala chini ya rangi isiyo na hatia.

Nililiona jambo hili ufuoni Unguja. Kijana mmoja alikuwa akipitisha grainda juu ya boti ya faibaglasi iliyonunuliwa kwa mtu, naye amefunga leso puani. Vumbi lilikuwa jekundu, kisha likageuka samawati, na upepo ukalipeleka majini. Fundi mzee alikuja akachomoa waya. Kijana akasema, "Shikamoo, babu. Tajiri anaitaka kesho."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chombo hiki kimevaa kanzu nyingi, nawe waijua ya juu tu."

Akalowesha kipande cha msasa, akasugua kwa mkono mahali padogo, upana wa kiganja, taratibu. Kanzu zikajitokeza duara ndani ya duara: samawati, nyekundu, kijivu, kisha nyekundu nyingine iliyokoza. Hakuna aliyejua ile ya mwisho ilipakwa lini wala kwa nini. Mzee akaagiza turubai litandikwe chini ya boti, na tope la kusugua likusanywe ndani ya debe. Nao wakakubaliana wasiifike nyekundu ile ya chini. Ilikuwa imeshika vema, na rangi mpya haikuidai.

Tajiri alipata boti yake siku ya nne, akanung'unika.